Saa Iliyomruhusu Fundi Kula

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili asubuhi, Wakili alifagia karakana ya baba yake kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi nzito, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na kamba iliyotundikwa suruali za watu. Aliokota vipande vya nguo, akavuta nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu ya cherehani, kisha akapitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini. Akimaliza hapo alioga, akavaa sare, akaenda shule.

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mrefu, mwembamba na mbishi kupita kiasi. Jina hilo alipewa na mama yake akiwa na miaka minne, siku aliyovunja kikombe akajitetea kwamba kikombe ndicho kilichouacha mkono wake, si mkono uliokiacha kikombe.

Baba yake aliitwa Fundi na mtaa mzima, na kwa kweli alikuwa fundi. Suruali yake ilimkaa mtu kama amezaliwa nayo. Lakini alikuwa na dharau moja kubwa: hakuwavumilia wateja wanaovuta matumbo ndani wakati wa kupimwa. Alisimama na tepu yake mkononi, akawatazama mpaka wakaona haya. "Pumua, mzee wangu," alimwambia mmoja. "Suruali utaivaa ukiwa unapumua." Mteja alipotoka, Fundi alicheka peke yake, akasema mtu anaweza kuidanganya tepu lakini hawezi kuidanganya nguo.

Nyani haoni kundule. Tumbo la Fundi mwenyewe lilikuwa limeshafika mezani kabla yake. Alipoketi kwenye cherehani, lililala juu ya ubao kama mteja aliyewahi foleni. Mwaka huo alikuwa ameitanua suruali yake mara nne, na mara zote nne alisema kitambaa kimesinyaa kwa kufuliwa. Maneno hayo aliyasema mbele ya mkewe, mwanamke aliyefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, aliyefua maelfu ya mashuka na hajaona hata moja likisinyaa. Mama alimtazama tu namna mtu anavyomtazama mbuzi anayejaribu kupanda ngazi.

Mambo yalianza kuharibika kwenye tundu la sindano. Fundi, aliyekuwa akipitisha uzi huku akizungumza na mteja, alianza kupapasa. Akalamba uzi, akausokota, akausogeza dirishani. Alisema viwanda vya siku hizi vinatoboa sindano kwa uvivu. Akawa anamwita Wakili ampitishie. Kisha wiki moja alishona zipu ya sketi ya mwalimu upande usio wake, na hapo mama akamshika mkono akampeleka zahanati.

Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, asiyependa maneno mengi ya mtu mwingine. Alimtoboa Fundi kidole, akasoma kipimo, akamweleza bila kuzunguka. Sukari kwenye damu ilikuwa imepanda. Macho yalikuwa yameanza kuguswa. Akiendelea hivyo, kazi ya sindano itamwacha, na baada ya macho vitafuata vingine. Alimpa vidonge na karatasi iliyochorwa sahani: nusu mboga, robo wanga, robo maharage au nyama. Chai bila sukari. Kutembea haraka dakika arobaini kila siku. Na kabla ya miezi sita kwisha, awe amepunguza kilo kumi. Alirudia mara mbili kwamba ni vyote viwili, kula kidogo na kutembea, wala si kimoja.

Mama aliondoka kwenda kazini alfajiri, kwa hiyo hakuweza kumsimamia mumewe. Alijua pia kwamba Fundi akitembea peke yake ataishia kwenye kivuli cha kwanza. Akamtwisha Wakili kazi hiyo: kila asubuhi, akishafagia, watembee yeye na baba yake.

Jioni ileile baba mdogo alifika na zawadi. Baba mdogo alipenda vifaa vipya na alivichoka upesi. Kilichomchosha mwezi huo kilikuwa saa ya mkononi yenye mkanda mweusi wa mpira. Ilihesabu hatua, ikahesabu mapigo ya moyo, na ikaonyesha kalori, yaani kipimo cha nguvu tunayoipata kwenye chakula na kuitumia mwilini. Ukitembea, namba ilipanda. Fundi aliivaa, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kioo na kurudi, akaona namba imesogea. Akatabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo.

Asubuhi ya kwanza walitembea dakika arobaini kamili. Walipita nyuma ya soko, wakazunguka uwanja wa shule, wakarudi kwa barabara ya maduka. Fundi alihema lakini hakusimama, na Wakili alianza kujivunia. Kwenye kona, hatua mia mbili kutoka nyumbani, palikuwa na mkahawa mdogo wenye meza nne. Fundi aliangalia saa. Ilisema mia tatu na kumi. Akaingia.

Aliagiza chai ya maziwa, akatia sukari vijiko vitatu. Akaagiza vipande vitatu vya mkate wa siagi na mayai mawili ya kukaanga. Wakili alimuuliza kama amesahau karatasi ya sahani. Baba akamwonyesha saa, kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga.

"Nimechoma mia tatu na kumi," alisema. "Hizo ni haki yangu. Nikizirudisha, sijaharibu kitu, nimebaki palepale nilipokuwa."

"Ukibaki palepale, baba, utapungua lini?"

Fundi alimtazama binti yake, akautazama mkate, kisha akamgeukia mwenye mkahawa, akamwambia amletee mtoto kipande cha keki.

Keki ilikuja, ya njano, laini, na sukari juu. Wakili, ambaye angeweza kubishana na jiwe, aliila yote. Ubishi wa asubuhi hiyo uliishia hapo.

Mama aliporudi kazini aliuliza kama wametembea. Wakili alijibu kwamba wametembea. Ilikuwa kweli. Alijiambia kwamba mtu mwerevu hujibu alichoulizwa tu, na hakuna aliyemuuliza kuhusu mkahawa. Jinsi alivyoridhika na jibu hilo ilikuwa aibu, ila wakati huo hakuiona. Ni ukweli alioukata kama kitambaa, akatoa mbele kipande kilichompendeza.

Basi ikawa hivyo kila siku. Kutembea, mkahawa, keki, kimya. Shuleni walikuwa wanasoma habari za vyakula, na nyuma ya kitabu cha sayansi palikuwa na jedwali la nguvu iliyomo katika kila chakula. Wakili alikaa nalo wakati wa mapumziko, akajumlisha mkate, siagi, mayai, maziwa na sukari. Ilizidi mia saba. Alimpelekea baba yake jibu hilo akiwa ameliandika vizuri. Baba alilisoma, akasema kitabu hicho ni cha zamani na mayai ya siku hizi ni madogo.

Lakini hata baba, moyoni, aliona mia tatu ni chache. Hakupunguza mkate, alianza kuiongezea saa. Aliivaa akipiga pasi, akisema pasi nayo ni mazoezi. Aliivaa akikanyaga cherehani. Aliwasimulia wateja kwamba jana amechoma mia sita, nao wakampongeza, maana mtu anayesubiri suruali yake haoni sababu ya kumkasirisha fundi. Siku moja Wakili aliporudi shule alimkuta ameketi kwenye kiti, redio ikiimba, mkono wa kulia ukitia karanga mdomoni na mkono wa kushoto, wenye saa, ukining'inia na kupepea mbele na nyuma kama mkia wa ng'ombe. Hakuwa hata amesimama. Alipomwona binti yake hakuacha. Alisema, "Imebaki kidogo nifike mia nne." Mtu mzima, baba wa mtu, alikuwa anaitikisa saa ili impe ruhusa ya kula.

Mwezi ulipokwisha walikwenda zahanati wote watatu. Fundi alipanda mizani kwa kujiamini. Alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu.

Alisema ni viatu. Akavua viatu. Akasema ni mkanda. Akavua mkanda. Akatoa mifukoni vigurudumu vya uzi, mkasi mdogo na chaki, akavipanga juu ya meza ya muuguzi kama mfanyabiashara anayefungua duka. Muuguzi alikunja mikono akamwacha amalize. Kisha akasoma tena mizani, na haikuwa imesogea kiasi cha kutajwa. Sukari nayo ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza.

Muuguzi aliuliza kama wamefuata karatasi ya sahani. Fundi alivaa miwani ya mbao, akasema wameifuata sana. Muuguzi akamgeukia Wakili, akamuuliza kama wametembea. Wakili alisema kila siku. Muuguzi aliandika, lakini aliandika polepole, huku akiwatazama kwa juu ya miwani. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitangulia hatua tatu mbele yao, na mgongo wake ulisema mengi.

Siku hiyo Wakili alianza kumdharau baba yake. Hakuwa tena anamcheka. Alipomwona anatafuna alisikia kinyaa. Alimwambia jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, kwamba baba yake hawezi kuushinda hata mkate wa siagi. Kasuku, ambaye wakati huo alikuwa anakula kiazi cha kuchemsha kwa raha zake, alisema baba wa Wakili ni mgonjwa na mgonjwa hasemwi hivyo. Wakili alikitazama kiazi kile, akamtazama na Kasuku, akaona wote ni walewale, watu wanaoburutwa na matumbo yao.

Akala kiapo. Angemwonyesha baba yake mtu mwenye msimamo anavyokuwa. Baba anarudisha kila anachochoma? Yeye hatarudisha hata punje.

Mwalimu wa michezo alikuwa ametangaza majaribio ya mbio za mita mia nane, wiki tatu mbele. Wakili alijiandikisha. Kila siku baada ya masomo alipita nyumbani, akaichukua saa ya baba iliyoachwa mezani kwa sababu mkanda wa mpira ulikuwa umeanza kumwasha mchana, akaenda kukimbia uwanjani. Namba zilipanda: mia mbili, mia tatu. Alizitazama kama nishani. Asubuhi alitembea na baba yake, akasimama nje ya mkahawa na mikono nyuma, hataki keki, akimtazama mzee wake kupitia dirisha. Nyumbani alisema ameshiba shuleni. Shuleni alisema ameshiba nyumbani. Chakula cha mchana alimpa Kasuku, na hata hicho alikitoa kwa dharau, kama mtu anayemtupia kuku mahindi.

Ajabu ni kwamba hakuwa na kitu cha kupunguza. Muuguzi hakumwambia apungue. Mizani haikumlaumu. Mwili wake ulikuwa unarefuka kila mwezi, na yeye aliunyima vitu vya kurefukia, kisha akajiona shujaa kwa sababu anaunyima.

Wiki ya kwanza alijisikia mwepesi. Ya pili mikono ikawa ya baridi hata juani. Alianza kumfokea kila mtu, akakosa hesabu nne alizokuwa akizijua, akasinzia kwenye somo la sayansi, lile lile la vyakula. Mbio nazo hazikuwa zinaongezeka, zilikuwa zinapungua. Mwalimu wa michezo alimuuliza kama anakula vizuri. Alijibu kwamba nyumbani kwao chakula kipo. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Siku ya majaribio walijipanga wasichana wanane. Wakili alikuwa amevaa saa mkononi na tumboni hakuwa na kitu tangu juzi ila chai ya rangi na nusu ya ndizi. Kipenga kilipolia alichomoka mbele ya wote. Aliongoza mzunguko wa kwanza. Alipoanza wa pili, aliona mstari mweupe wa uwanja unainuka, akashangaa mstari unainukaje. Kisha uwanja wote ukamjia usoni.

Alipofumbua macho, kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya Kasuku, ambaye kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa anasema kitu. Alikuwa analia tu, akimfuta damu kwenye paji la uso kwa kitambaa chake cha shingo. Mwalimu wa michezo alimbeba mpaka zahanati, akatuma watu wawili kwa wazazi wake.

Fundi alikuwa anapima kola. Aliposikia, alimwacha mteja amesimama na mikono juu, akatoka mbio. Kutoka karakana hadi zahanati ni mitaa minane. Alikimbia yote minane, viatu vya nyumbani miguuni, tepu ikimpigapiga kifuani, na hapakuwa na kitu mkononi mwake cha kuhesabu hata hatua moja. Aliingia chumbani akiwa amelowa jasho, akapiga magoti kando ya kitanda. Alimshika binti yake kifundo cha mkono ili ausikie mshipa, na kidole chake kikagusa mkanda wa mpira. Akaitazama saa ile, akamtazama mtoto. Namba zilikuwa bado zinawaka.

Mama alifika muda mfupi baadaye akiwa na aproni ya kufulia, mikono imekunjamana kwa maji. Muuguzi alikuwa ameshampa Wakili maji yenye sukari, kisha uji mwepesi kwa kijiko, na ameshamfunga bandeji. Alifunga mlango, akavuta kiti, akaketi.

"Sasa nataka ukweli," alisema. "Nani amekula nini nyumbani kwenu?"

Wakili alianza yeye, kwa sauti ndogo. Alieleza kuhusu mbio, kuhusu nusu ya ndizi, kuhusu chakula alichokuwa akimpa Kasuku, kuhusu kusema ameshiba huku na ameshiba kule. Alipofika kwenye sababu aliyumba, kwa kuwa sababu ilikuwa imepiga magoti kando yake ikihema. Fundi aliukodolea macho ukuta kwa muda. Wote walidhani atatafuta tena viatu vya kusingizia.

"Mtoto hana kosa la kuanzisha," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo kwa keki. Kila siku tukitoka kutembea naingia mkahawani. Nakula kuliko nilivyotembea, nasema saa imeniruhusu. Mke wangu nilimdanganya, na wewe nilikudanganya hapa hapa, mchana kweupe."

Mama alikaa kwenye ncha ya kitanda. Alisema alijua siku nyingi kwamba kuna jambo, kwa sababu mashati ya mumewe yalinuka siagi. Alichosubiri ni mmoja wao aone haya. Hakujua kwamba angesubiri mpaka mtoto aanguke.

Muuguzi aliivua saa kutoka kwenye mkono wa Wakili, akaishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa jalalani.

"Hii inakisia," alisema. "Haijui una misuli kiasi gani, haijui umelala vipi, haijui kama umetembea au umetikisa mkono." Fundi aliinamisha kichwa. "Mara nyingi hukisia kwa kuzidisha. Na wewe, kwenye sahani, macho yako hukisia kwa kupunguza. Makosa mawili hayo yote yanaangukia tumboni."

Akamweleza jambo ambalo Fundi hakuwahi kulifikiria. Alipomchorea ile sahani, alikuwa ameshajua kwamba atatembea dakika arobaini. Matembezi yamo tayari ndani ya mpango. Anayepunguza uzito akirudisha kila alichochoma anakuwa amekula mara mbili, halafu anaishangaa mizani. Ikitokea siku amefanya kazi nzito kweli, saa mbili au tatu za jasho, na njaa ikamuuma kweli, aongeze kidogo: tunda, yai la kuchemsha, kikombe cha maziwa. Mwenye sukari asijikaushe kwa njaa akiwa kwenye dawa, maana hilo nalo ni hatari, na akisikia kutetemeka ale na aje aseme. Ila aongeze kwa sababu mwili umeomba, si kwa sababu mkono umepepea.

Kisha akamgeukia Wakili, na sauti yake haikulainika.

"Wewe hukuwa na mpango wowote. Hakuna aliyekupa. Ulichukua dawa ya mtu mwingine ukainywa chupa nzima. Mtoto anayekua na anayekimbia hahesabu kalori, anakula. Anakula asubuhi, mchana na jioni, na akikimbia anakula zaidi. Hayo ndiyo mafuta ya kukimbilia. Ungekimbia vipi mbio za mita mia nane kwa nusu ndizi?"

Wakili alichukua kijiko, akamalizia uji.

Baada ya hapo mambo hayakubadilika kwa siku moja, kwa sababu watu hawabadiliki kwa siku moja. Saa ilirudishwa kwa baba mdogo, ambaye alikuwa ameshanunua nyingine. Fundi na Wakili walibadilisha njia, wakatembea kwa upande wa mto ili wasipite kwenye kona ya mkahawa. Wiki mbili za kwanza Fundi alinung'unika kama mlango mbovu. Chai bila sukari aliinywa amekunja uso. Siku moja alishindwa, akala keki peke yake sokoni, lakini alirudi akamwambia mkewe kabla hajaulizwa, na hilo lilikuwa jambo geni katika nyumba ile. Asubuhi walikula wote wawili mezani kutoka kwenye ile karatasi: sahani ya baba nusu mboga, ya Wakili imejaa kila kitu.

Shuleni Wakili alimwendea Kasuku. Alikuwa ameandaa maneno marefu, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. Alisema alimdharau bila sababu, na chakula alichokuwa akimpa alimpa vibaya. Kasuku alisema alijua, ila chakula kilikuwa kitamu. Halafu akazungumza mpaka kengele ikalia.

Mwisho wa miezi sita Fundi alikuwa amepungua kilo saba. Si kumi. Muuguzi alimwambia kwamba saba za kweli zinampendeza kuliko kumi za kusimuliwa. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri, na macho hayakuwa yameharibika zaidi. Muhula uliofuata Wakili alikimbia mita mia nane akiwa ameshiba kwa kiasi, akawa wa tatu. Hakukuwa na nishani ya wa tatu siku hiyo, ila alimaliza mizunguko yote miwili kwa miguu yake.

Jumapili moja walikuwa mezani mchana, wote watatu. Wakili, aliyekuwa amepona mpaka ulimi, alianza kusimulia kuhusu mteja mmoja mnene aliyeingia karakana na soda mbili mkononi kila mara, akasema watu wengine wana matumbo yasiyo na akili. Fundi alicheka. Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Nimewafulia nguo ninyi wawili miaka mingi, nawajua mlivyo," alisema. "Baba yako alilidanganya tumbo lake, akaita haki. Wewe ulilidharau tumbo lako, akili yako ikaita ushindi. Wote wawili mlikuwa waongo. Mwili hauna masikio ya kusikiliza visingizio, wala hauogopi dharau. Ukiuzidishia utakuumbua, ukiunyima utakuangusha. Upe kiasi chake, useme kweli kuhusu ulichoupa, na ya tumbo la mtu mwingine mwachie mwenyewe."

Wakili alifungua mdomo ili abishe. Akavuta bakuli la maharage karibu, akala.